Alama Nyekundu kwenye Mlango wa Papaa

Nianze na ujinga wenyewe, usije ukanisikiliza hadi katikati ukidhani mimi ni mtu wa maana. Nikiwa darasa la sita, Jumapili moja asubuhi, nilichukua brashi yenye rangi nyekundu nikachora alama kubwa ya mkasi, ile X ya kukosa, kwenye mlango wa kibanda cha gemu. Alama ile ile ambayo mwalimu wa hesabu alikuwa akinichorea kila wiki, kwa hiyo mkono wangu uliijua vizuri. Kibanda chenyewe kilikuwa cha mtu niliyempenda kuliko walimu wangu wote ukiwajumlisha. Nilidhani ni kichekesho. Nikarudi nyumbani nikanywa chai, tena na mandazi.

Mambo haya yamenirudia juzi nilipofika likizo kutoka shule ya bweni. Nilishuka kwenye bodaboda chini ya kilima cha Lubaga, hapa Kampala, kwenye ile kona ya kwetu, nikasimama kama mbuzi aliyeshushwa soko lisilo lake. Barabara nyeusi, pana, imechorwa mistari myeupe. Mitaro imejengwa kwa zege, mirefu kiasi kwamba mtu anaweza kutumbukia na baiskeli yake na mwavuli wake. Nikawa natazama mahali fulani katikati ya lami ambapo kwa haki kabisa palitakiwa kuwa na benchi. Mwenye boda akanihurumia. "Ssebo, umepotea?" Nikamwambia hapana, mimi ni wa hapa hapa. Akanitazama kama anayemtazama mtu aliyesema amezaliwa juu ya mstari wa katikati wa barabara.

Basi ngoja nikuonyeshe palivyokuwa.

Kulikuwa na kibanda cha mabati, kidogo, kimeinama upande mmoja kama kinasikiliza umbea wa kibanda jirani. Mwenyewe alikuwa mtu wa Kongo, wa upande wa mashariki kule, aliyekuja Kampala na mkoba mmoja na ujuzi wa kutengeneza chochote chenye waya. Watoto wote tulimwita Papaa, na wakubwa wakafuata. Ndani alikuwa na skrini moja pana yenye ufa kwenye kona, na mbele yake usukani wa gemu alioufunga kwa bolti kwenye dawati. Kiti kilikuwa kiti cha gari, kimeng'olewa kwenye taxi iliyokufa, bado na mkanda wake. Pedali ya breki ilikuwa imevunjika zamani, akaiwekea kipande cha ndala ya bluu. Hakuna aliyelalamika. Kwenye gemu ile breki ilikuwa ya nini?

Maana gemu yenyewe, rafiki yangu, ilikuwa ya mbio za magari, lakini siyo zile mbio za adabu. Humu ndani mji mzima ulikuwa umewekwa ili uvunjike. Unapita sokoni, meza za matunda zinaruka, matikiti yanakupasukia kiooni. Unagusa nguzo, nyaya zinashuka zikitema cheche. Unapita chini ya daraja, daraja linakatika nyuma yako na kumeza watatu waliokuwa wanakufuata. Kuna mnara, sijui ulikuwa wa maji au wa simu, ukiugonga vizuri ulikuwa unaanguka polepole, unafikiria kwanza, halafu unalala barabarani wote na vumbi linakula skrini. Na kila unachovunja kinalipa gari lako nguvu ya kukimbia zaidi! Yaani nyumbani nikivunja kikombe napigwa, hapa navunja ghorofa napigiwa makofi.

Spika ya Papaa ilikuwa imechanika, kwa hiyo kila mlipuko ulisikika kama babu anayekohoa ndani ya pipa. Harufu ilikuwa ya vumbi lililopashwa moto, risasi ya kuchomelea nyaya, na mafuta ya mandazi ya mama yangu kutoka ng'ambo ya barabara. Mmoja anaendesha, sisi wengine tuko kwenye benchi, lakini mwili wa benchi nzima unaendesha. Kona ya kushoto, wote tunalala kushoto. Kona ya kulia, wote kulia, hadi yule wa mwisho anaanguka chini na hakuna wa kumwokota. Umeme ukikatika, sauti moja ya "Aaaa!" ilikuwa inatoka pale, mtaa mzima ukajua hakuna haja ya kuangalia balbu.

Mbio zikiisha, skrini inakuwa nyeusi kidogo, halafu mji unarudi mzima. Matunda mezani, daraja mahali pake, mnara umesimama umenyooka kana kwamba haujawahi kugongwa. Mara ya kwanza nilipokaa kwenye kile kiti niliogopa kugonga vitu, nikawa nazunguka meza za matunda kama ninaendesha gari la askofu. Papaa alicheka hadi akashika mgongo. "Vunja tu, mutoto! Hapana ogopa. Itasimama tena."

Aliwaambia hivyo wote walioanza. Itasimama tena. Hata sasa nikisikia kitu kikivunjika bwenini, hilo ndilo neno linalonijia kichwani, na mara nyingi si kweli.

Mama hakuipenda gemu. Sisi ni Wakenya, tulihamia Kampala nikiwa bado nabebwa mgongoni, na tangu hapo Mama ameuza mandazi, maharagwe na chai ng'ambo ya pale kwa Papaa. Alifuata unga Kikuubo, kwenye maduka ya jumla, kunapokucha, akapenya katikati ya wale wabeba mizigo wanaokusukuma huku wakikuita malkia, akarudi na mfuko mgongoni mwa boda, akawasha jiko. Kazi yangu ilikuwa kuchota maji na kuchambua maharagwe. Alikuwa akisimama na mwiko mkononi, ananiita kwa jina alilonipa yeye na ambalo mtaa mzima ulilikamata: "Dereva! Maji yameisha!" Nami naitikia "Nakuja!" nikiwa nimeanza mbio nyingine. Siku moja alivuka barabara, akaingia kibandani, akatazama skrini mpaka ule mnara ukaanguka na benchi ikashangilia. Akasema, "Kwa hiyo mimi nahangaika kujenga, na wewe huku unashangiliwa kwa kubomoa." Akaondoka na sikio langu.

Sasa, kuhusu ile alama. Kwenye gemu kulikuwa na kuta za kawaida na kuta zenye alama nyekundu ya mkasi. Zenye alama ndizo zilikuwa njia za mkato. Ukiiona, hufikirii, unakanyaga mafuta na kupita katikati yake. Kwa hiyo watu wa barabara walipokuja mtaani kwetu na kopo la rangi, wakaanza kuchora mkasi mwekundu kwenye vibanda vilivyoingia kwenye njia ya barabara mpya, sisi watoto tuliona kama gemu imetoka nje kututembelea. Walichora kutoka chini kabisa, kibanda kwa kibanda, wakafika kwenye kona, pale kwa jirani yetu fundi cherehani, wakasimama. Kwa fundi hawakuchora. Kwa Papaa hawakuchora. Kwa Mama hawakuchora.

Tingatinga lilikuja asubuhi moja kabla watu hawajapiga mswaki. Wale waliokuwa wamevunja vibanda vyao wenyewe mapema walikuwa wameshachukua mabati na mbao zao. Wale waliosubiri, wakisema labda ni vitisho tu, waliyakuta mabati yamekunjwa kama karatasi ya peremende. Nitakwambia kitu ambacho sijivunii. Ukuta wa kwanza ulipoanguka, sisi watoto tulishangilia. Ulianguka vile vile! Ulifikiria kwanza, ukalala, vumbi likapanda. Tukapiga makofi. Fundi cherehani akatugeukia na mita yake shingoni, "Mnacheka? Hiyo nyumba ya mutu, si gemu!" Ndipo nikamwona mama muuza ndizi amesimama na beseni lake kichwani, anatazama mahali kilipokuwa kibanda chake. Nikasubiri skrini iwe nyeusi. Haikuwa.

Ungedhani nilijifunza. Mimi? Wiki chache baadaye Papaa alinifukuza kibandani kwa sababu nilikuwa napinda usukani kwa nguvu hadi bolti ikatoka. "Weye unaendesha kama unachinja ng'ombe," alisema. "Pumzika kwanza. Ukipata akili, rudia." Akaniondoa kwenye kile kiti mbele ya watu, nami nikatoka na hasira ya mtu mdogo, ile isiyo na faida yoyote. Jumapili iliyofuata ngoma zikalia kule juu kanisani, mtaa ukapanda kilima na nguo zake za kunyooshwa. Mimi nilikuwa nimejifanya tumbo linauma. Nyuma ya nyumba kulikuwa na kopo la rangi nyekundu alilobakisha jamaa aliyemchorea Mama kibao cha MANDAZI MOTO. Na wazo likaja, kamili, tamu, kama lililetwa na malaika aliyefukuzwa kazi. Papaa atarudi, ataona mkasi mlangoni, atajua ni sisi wa gemu, atacheka hadi ashike mgongo, na atanirudisha kwenye kiti.

Jua lilikuwa kali, rangi ikakauka upesi. Hilo nalo lilinisaliti.

Papaa alirudi kutoka kanisani na shati lake la kwaya, lile la kijani lenye maua, bado anaimba chinichini. Akafika mlangoni. Akaacha kuimba.

Hakucheka. Aliigusa ile alama kwa kidole, kidole kikatoka kikavu. Akatazama juu ya barabara, akatazama chini ya barabara. Fundi cherehani akatokea nyuma yake. "Banange! Wamekuja wakati watu wako kanisani. Hao wanajua saa ya kuja." Papaa akakunja mikono ya shati la kwaya, akaingia ndani, akatoka na nyundo.

"Papaa, ngoja kesho tuulize," fundi akamwambia.

"Kule kwetu nilingojaka," Papaa akasema. "Siku hii singoji."

Akang'oa msumari wa kwanza. Kama hujawahi kusikia msumari mkuukuu ukitoka kwenye mbao, ni sauti kama ya mtu anayeamshwa kwa nguvu.

Watu wa mtaa wetu wana tabia moja: ukiona mtu anavunja kibanda chake huulizi, unashika upande wa pili wa bati. Waliorudi kutoka kanisani walivua viatu vyao vizuri wakaja. Mama alivuka barabara na kile kitenge chake cha Jumapili. Fundi alipanda juu ya paa. Mimi nilipewa kazi ya kubeba mabati hadi ukutani kwetu, na nikabeba, rafiki yangu, kwa bidii ambayo haijawahi kuonekana kwangu kwenye maji wala maharagwe. Kila nikirudi nilikuwa nimeandaa sentensi. Kila nikifika, upande mwingine wa kibanda ulikuwa umeshaondoka na sentensi ikawa haitoshi.

Nilijaribu kukiri kwa kupitia mlango wa nyuma. "Papaa, labda ni mtu anatania?"

"Watu wa tingatinga hawanaka utani, mutoto wangu. Beba."

Mutoto wangu. Bora angenipiga.

Hakuna kilicholipuka. Hakuna cheche. Ilikuwa kazi ya polepole, bati moja, halafu lingine, mchana unaingia ndani ya kibanda ambacho hakikuwahi kuwa na dirisha, na ukaona kumbe kilikuwa kidogo hivyo. Mama alikuwa anainama, anainuka, anainama, akiokota misumari kwenye vumbi na kuitia kwenye kopo la maziwa ya unga. Fundi akamcheka kutoka juu ya mbao: "Mukenya haachi kitu! Hata musumari uliopinda?" Mama hakugeuka. "Wewe shuka, usije ukanivunjikia hapa," akasema, akainama tena.

Mwishowe ikabaki nguzo nne, kiti cha taxi, na dawati. Papaa alifungua bolti za usukani. Alikuwa amelowa jasho, maua ya shati yamegeuka kuwa kitu kimoja. Akanijia nao, na nyaya zake zinaning'inia.

"Beba hii, weye," akasema. "Kwenye naenda sijue. Gari ikiwa ndogo haitaingia. Na weye uliipenda zaidi."

Nikaushika. Ulikuwa mwepesi! Miaka yote ile nilidhani ni kitu kizito.

"Papaa," nikasema, "ni mimi."

"Nini?"

"Ile alama. Ni mimi nilichora. Nilitaka ucheke."

Fundi cherehani alisema neno la Kiganda ambalo sitaliandika kwa sababu Mama anaweza kusoma hapa. Mtu mmoja alivua mkanda na kuuliza nani ana ruhusa. Watu wakaanza kusema wote kwa pamoja, kuhusu watoto wa siku hizi, kuhusu gemu, kuhusu jua walilopigwa bure. Nilimtazama Papaa peke yake. Nilitaka anipige ili liishe.

Yeye alikuwa amekaa kwenye kiti cha taxi, katikati ya nguzo nne, juani. "Kwa hiyo hawakuji?" akaniuliza.

"Hapana."

"Kesho asubuhi, hawakuji?"

"Hawaji, Papaa. Ni mimi tu."

Akafunika uso kwa mikono, mabega yakaanza kutikisika, na kwa muda hakuna aliyejua kama analia au anacheka. Nadhani hata yeye hakujua. Alipoondoa mikono alikuwa amelowa mashavu na anacheka, ameshika mgongo. "Hawakuji," akamwambia fundi, kana kwamba fundi hakusikia. "Ni huyu mupumbavu tu!" Yule mwenye mkanda akaurudisha kiunoni taratibu, akiona haya. Papaa akauchukua usukani mikononi mwangu, akaufuta vumbi kwa shati la kwaya.

Niliadhibiwa, usijali. Kila siku baada ya shule nilishika mbao huku yeye akipiga nyundo, na nilipigilia misumari mingine kidole changu kikiwa katikati. Kibanda kilisimama tena, kimeinama upande ule ule. Aliuacha mlango na alama yake. Alisema wateja wataipenda, na kweli waliipenda. Kikaendelea hadi nikamaliza shule ya msingi. Papaa alipata nafasi ya kutengeneza simu upande wa Luzira, akaaga vizuri, kwa soda, akamwachia kibanda kijana mmoja aliyebadilisha gemu kuwa ya mpira. Watu wa barabara walipofika kweli kwenye kona, mimi nilikuwa bwenini. Mama alinieleza kwenye simu kama mtu anayetaja bei ya unga. Yeye mwenyewe alihamishia jiko lake hatua chache tu, nyuma ya mtaro mpya.

Siku hizi gemu kama ile iko kwenye simu ya kila mtu. Mwenzangu wa bwenini anavunja mji mzima kwa kidole gumba, chini ya blanketi, bila sauti ili mlezi wa bweni asisikie. Mnara unaanguka na hakuna anayelala kushoto. Amenipa nijaribu, nikajikuta nazunguka meza za matunda. Akanicheka. Nilitaka kumwambia kitu, nikaona ni kirefu mno.

Juzi pale kwenye lami nilitafuta hata tundu moja la nguzo. Lami haina habari na mtu. Gari likanipigia honi, nikatoka njiani, nikaenda kumsalimia Mama, na alipokuwa ananipakulia nikaona lile kopo la maziwa kwenye rafu yake, limeshika kutu, lina vijiko ndani.

Maana nimeruka kitu. Jioni ya ile Jumapili, watu walipokwisha kuondoka, Mama aliniketisha kwenye kigoda, akamimina mafuta ya taa kwenye kitambaa, akaanza kunisugua kucha. Zilikuwa na rangi nyekundu pembeni, zote za mkono wa kulia. Zilikuwa hivyo tangu asubuhi, tangu bati la kwanza nililobeba mbele yake. Nilisubiri kofi. Alisugua kidole kwa kidole, hakuharakisha, mpaka nikaanza kuombea hilo kofi lije. Alipomaliza alisimama, akachukua lile kopo chini ya meza, akaliweka mapajani mwangu. Lilikuwa limejaa. Nikakumbuka kwamba alianza kuinama na kuokota kabla sijafungua mdomo wangu, na kabla mtu yeyote pale hajajua kwamba kibanda kitasimama tena.

"Dereva," akasema, "misumari yote niliiokota. Iliyopinda utainyoosha wewe."